Ndege Nyuki na Mstari wa Mkaa

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza mtoto wa kidato cha nne ameyaona wapi mambo ya ndege zisizo na rubani, ngoja kwanza nikupeleke bondeni kwa shangazi yangu.

Ilikuwa mwaka 2015, mimi niko kidato cha pili. Jua la saa nne lilikuwa limeshaanza kuchoma mabati. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele, mimi nafua shati la shule. Ghafla tukasikia mlio. Si wa helikopta, si wa bodaboda. Mlio mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Tukainua vichwa. Kitu chenye mabawa, hakimzidi mwewe kwa ukubwa, kinakwenda moja kwa moja, kikifika mwisho wa bonde kinageuka na kurudi, kama mtu anayelima matuta. Watoto walikikimbilia wakipiga kelele. Wazee wa kijiweni waliacha bao. Shangazi akaweka ungo chini, akaniambia, "Baba, hicho kimekuja kutuhesabu. Na ukihesabiwa na mtu asiyekusalimia, ujue kuna jambo."

Baada ya miezi kadhaa wakaja watu na kopo la rangi nyekundu. Nyumba ya shangazi ikapigwa alama ya X. Mwezi haukwisha ikawa kifusi. Mpaka leo ukienda kumwamkia huko Chanika alikohamia, atakuambia mkosaji ni mmoja tu: kile kinyuki.

Neno hilo nimekaa nalo miaka kumi. Chuo sikupata nafasi, lakini ugonjwa wa kusoma ninao, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Nikasema, kabla sijamwandika shangazi katika riwaya yoyote, lazima nimjue vizuri huyo anayemtuhumu. Basi bwana, nikaanza kumfuatilia. Na niliyoyakuta si yale niliyoyategemea.

NJIWA WA MFAMASIA

Binadamu alitaka kujiona kutoka juu zamani sana, kabla hata ndege hazijavumbuliwa. Mwaka 1858 Mfaransa mmoja aliyejulikana kwa jina la Nadar alipanda puto na kamera yake akapiga picha ya ardhi kutoka angani. Mwaka 1888 Mfaransa mwingine, Arthur Batut, akafunga kamera kwenye tiara. Hebu fikiri: tiara, mchezo wetu sisi watoto wa uswahilini, ndiyo iliyokuwa ikibeba kamera.

Lakini aliyenichekesha ni Mjerumani aitwaye Julius Neubronner. Huyu alikuwa mfamasia wa mji mdogo wa Kronberg, naye alikuwa akifuga njiwa. Njiwa wale walimsaidia kazini: walimbebea dawa za haraka, mzigo wa hadi gramu 75. Mwaka 1907 akaomba hataza ya kamera ndogo ya kumfunga njiwa kifuani, yenye saa ya kuifyatua wakati ndege yuko juu. Njiwa akirudi nyumbani, picha imo.

Naomba umkumbuke mfamasia huyu, maana tutakutana naye tena mbele ya safari. Dawa na picha, kazi zote mbili zinazosifiwa leo kwa ndege nyuki, zilikuwa mabegani mwa njiwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Halafu ikaja vita, na vita haina kawaida ya kuacha chombo kizuri kikae bure.

RUFIJI, 1915

Usidhani hadithi hii ni ya Ulaya peke yake. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia bandari ya Zanzibar alfajiri ikaizamisha meli ya Waingereza, Pegasus. Ikakimbia, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko na vijito vinavyopindana kama nyuzi za mkeka. Waingereza wakaitafuta. Baharini hawaioni, na meli zao kubwa haziwezi kuingia kwenye maji mafupi. Wakaleta ndege.

Ndege zenyewe zilikuwa za mbao na vitambaa. Joto la pwani yetu lilizilegeza na mvua ilizilowesha. Mwishowe zikawekwa kituo Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 meli mbili fupi zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikapiga tangu asubuhi, hazikufanikiwa. Tarehe 11 Julai zikarudi. Mizinga ilikuwa ikipiga kitu ambacho wapigaji wenyewe hawakioni, mikoko imeziba. Aliyeona ni rubani Cull na mwenzake Arnold, juu, wakituma kwa redio: ongeza, punguza, kushoto kidogo. Injini yao ilipopigwa, ndege ikaanza kuteremka yenyewe, na Arnold akaendelea kutuma vipimo mpaka wakatua majini. Wote wawili waliokolewa. Königsberg haikutoka tena.

Hapo ndipo ninapoona mwanzo wa mambo yote: jicho liko huku, mkono unaopiga uko kule, katikati kuna redio. Anayefyatua haoni anayempiga. Miaka mia moja baadaye kilichobadilika ni kwamba yule rubani ametolewa kwenye kiti.

Lakini kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita mbio. Kabla ya ndege kufaa kitu, Waingereza walimtuma Pieter Pretorius, mwindaji wa tembo aliyeijua Rufiji, aingie ndani ya delta kwa miguu na mitumbwi ahakikishe meli iko wapi, apime kina cha mikondo na majira ya kupwa na kujaa. Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Wenyeji wa delta ndio waliojua mlango upi unapitika na saa ngapi. Cull na Arnold nimewakuta vitabuni kwa majina. Wale wa mitumbwi nimewakuta wakiitwa "wenyeji". Basi.

Jicho la juu lilipata sifa. Midomo ya chini ikapotea.

NYUKI DUME AOTA MWIBA

Sasa hilo jina. Sisi Waswahili tumezoea kuziita ndege nyuki, au droni kwa mkato, na wengi tunadhani ni kwa sababu ya mlio. Kumbe jina limebeba historia. Kwa Kiingereza neno hilo ni nyuki dume. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba lilianzia kwenye ndege ya Kiingereza ya mwaka 1935 iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Iliongozwa kwa redio, haina mtu ndani, na kazi yake ilikuwa kulengwa na wapiga mizinga wanaojifunza. Zilitengenezwa zaidi ya 400. Wamarekani walipotaka ya kwao, wakamwachia Mwingereza malkia wake, wao wakachukua dume.

Mwulize mrina asali yeyote, atakwambia nyuki dume ni nani: hachumi, hajengi sega, na hana mwiba. Jina lilimfaa. Ndege hizo zilizaliwa ili zipigwe, si zipige. Miaka ya 1940, katika kiwanda cha Radioplane huko California, kilichokuwa kikitengeneza ndege za shabaha, mpiga picha wa jeshi David Conover alimpiga picha msichana mfanyakazi, Norma Jeane. Dunia ilikuja kumwita Marilyn Monroe. Historia nayo ina vituko vyake.

Miaka ya 1980 mhandisi Abraham Karem, mzaliwa wa Baghdad aliyehamia Marekani, alikuwa akiunda ndege zisizo na rubani katika banda la gari nyumbani kwake. Ukoo wa ndege zake ndio uliozaa ile iitwayo Predator. Mwaka 1995 Predator ilipelekwa anga ya Bosnia kutazama tu. Mwaka 2001 ikafungwa makombora ikapelekwa Afghanistan. Nyuki dume akaota mwiba. Mwaka 2011 ndege za Marekani za aina hiyo zikaanza kushambulia Somalia, majirani zetu hawa.

Kwa hiyo, mshikaji wangu unayesoma haya ukiwa kwenye daladala, usimcheke shangazi. Aliyeogopa mlio ule hakuogopa ujinga. Wapo watu wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi ambao wakisikia mlio kama ule wanaingia ndani.

WATAFITI WAINGIA KAZINI

Lakini hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimekudanganya, maana jicho lile lile likashikwa na watu wengine.

Mwaka 2015, hapa Dar es Salaam, ulianza mradi wa Ramani Huria. Ndani yake walikuwamo Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Shabaha ilikuwa mafuriko. Mji wetu umekua bila kuulizana, na mitaa mingi haikuwa kwenye ramani yoyote ya maana. Zikarushwa ndege ndogo za povu gumu, zenye uzito usiofika kilo moja, unazirusha kwa mkono kama unavyorusha ndege ya karatasi. Zinakwenda na kurudi, zikipiga picha zinazopandiana kingo, halafu kompyuta inazishona kuwa picha moja kubwa. Kutokana na kupandiana huko, kompyuta inakadiria pia mwinuko wa ardhi. Ukijua mwinuko, unajua maji yatashuka wapi.

Mwaka 2016 Zanzibar wakaenda mbali zaidi. Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na washirika kutoka Bara na nje, walianza kuipiga picha Unguja na Pemba nzima, zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Waliorusha walikuwa wanafunzi na maofisa wa hapo hapo visiwani. Hii kwangu ni habari kubwa kuliko ndege yenyewe. Mwaka 1915 Rufiji ilitazamwa na wageni, ikapigwa na wageni, kwa ugomvi wa wageni. Mwaka 2016 kijana wa Kizanzibari alirusha ndege juu ya shamba la babu yake, na picha ikabaki nyumbani.

Kwenye malaria nako watafiti hawakukaa. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Zanzibar na wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Uingereza, lilichapisha utafiti wa kutumia ndege za bei nafuu, hizi ambazo hata mpiga picha wa harusi anazo, kutafuta madimbwi wanakozaliana mbu. Bonde la mpunga la hekta 30 lilipigwa picha kwa dakika 20 tu. Mtu wa miguu angekanyaga tope kutwa. Mwaka 2019, katika bonde la Cheju, Unguja, ndege kubwa kidogo zikajaribiwa kunyunyizia mashamba ya mpunga kimiminika kinachotanda juu ya maji kama utando mwembamba, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia. Hakikuwa sumu. Ni kuwafungia mlango tu.

Na yule mfamasia wa njiwa? Amefufuka Rwanda. Tangu Oktoba 2016, kutoka Muhanga, ndege za kampuni ya Zipline zinarushwa kwa manati zikibeba damu kupeleka hospitali za vijijini. Zikifika hazitui, zinaangusha boksi kwa mwavuli wa karatasi na kugeuza. Mtu anaweza kusema hiyo ni sarakasi ya kuwavutia wafadhili. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini mwaka 2022 jarida la Lancet Global Health lilitoa utafiti uliofuatilia maagizo 12,733 ya damu kati ya 2017 na 2019. Ndege zilifika mapema kuliko gari kwa wastani wa dakika 79 ukikisia safari ya barabara, na dakika 98 ukilinganisha na safari halisi za gari. Na jambo ambalo sikulitegemea: damu iliyokuwa ikiharibika hospitalini kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja. Sababu ni rahisi. Hospitali ikijua damu itakuja kwa haraka, haina haja ya kurundika akiba kwenye friji mpaka ioze. Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua, dakika 79 kwake si takwimu.

Hata Ziwa Victoria, mwaka 2018, yalifanyika majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe: kilomita 60 juu ya maji kwa wastani wa dakika 40. Majaribio yakaisha, wenye ndege wakafunga mizigo. Hili nalo tuliandike. Jaribio si huduma. Mtu wa Ukerewe aliyeona dawa ikishuka toka angani leo bado anamsubiri mwenye kivuko.

KWA SHANGAZI TENA

Baada ya kusoma yote hayo nilipanda basi la Chanika. Nilijiona wakili. Nilikuwa na kesi ya kutetea.

Nikamwambia, "Shangazi, kile kinyuki unakionea. Mabonde ya mito ya Dar yaliandikwa kuwa ni ya hatari kwenye ramani ya mpango wa jiji ya mwaka 1979. Wewe mwenyewe ulikuwa hujaolewa. Ile X haikuhitaji ndege, ilishaandikwa kwenye karatasi miaka mingi. Ndege zinatafuta maji yanapita wapi ili watu wasife. Huko Rwanda zinabeba damu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua mchicha. Halafu akaniuliza, "Kama si yeye, mbona hakusema?"

Nikakosa jibu.

"Angeshuka mtu mmoja tu," akaendelea, "akapiga hodi, akasema mama, tunapiga picha, ni kwa sababu hii na hii. Mimi ningemwonyesha na mstari."

Mstari! Nilikuwa nimeusahau.

Mwezi Desemba 2011, siku zile za mafuriko yaliyoua watu Dar na kuwahamishia wengi Mabwepande, maji yaliingia kwa shangazi usiku. Tulilala juu ya meza, mimi niko darasa la tano. Yalipopungua, shangazi akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani pale tope lilipoishia, juu kidogo ya kifua chake. Akanipa mkaa akaniambia, "Wewe unayejua kusoma, andika tarehe." Nikaandika: 21/12/2011. Chini yake kulikuwa na mistari mingine miwili, ya miaka ya nyuma, haina tarehe kwa sababu mwandishi hakuwepo.

Hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa historia ya kwanza niliyowahi kuandika.

Sasa fikiri. Ile ndege ilipita juu ya bati. Iliona bati, mwembe, choo cha makuti na mto. Ingeweza kupima mwinuko wa uwanja wetu vizuri kabisa. Lakini mstari wa mkaa uko ndani, ukutani, chini ya paa. Mashine hiyo haiuoni hata ukiiongezea macho kumi. Na wanaofanya kazi hii kwa moyo wanalijua hilo. Ndiyo maana Ramani Huria hawakuishia kurusha. Vijana wa vyuo na wakazi wa mitaa waliingia vichochoroni kwa miguu, wakiuliza watu: mfereji unaishia wapi, maji yalifika wapi, yalikaa siku ngapi? Picha ya juu ikakutana na mdomo wa chini, ndipo ikawa ramani. Kule ambako mdomo haukuulizwa, picha ilibaki picha, na mlio ukabaki mlio.

Nadhani sasa unaona kwa nini nayaandika haya kwenye jarida la waandishi chipukizi, badala ya kuwaachia wahandisi. Sisi nasi tuna tabia ya kupaa. Mtu anaandika hadithi ya Manzese hajawahi kukaa Manzese saa moja. Anaona mabati, anaona matope, anarudi nyumbani na kurasa 40. Riwaya yangu ya Rufiji nimeianza mara tatu, na mara zote tatu nilianzia juu, ndani ya ndege ya Cull na Arnold, kwa sababu pale kuna moshi na mizinga na majina. Mara ya nne naanzia kwenye mtumbwi, na mtu anayesubiri maji yajae, anayejua saa yake bila saa. Jina lake sina. Nitampa.

Na shangazi? Siku ile nilipoaga alinisindikiza mpaka kituoni. Nikamwuliza, ile nyumba ilipovunjwa, ule ukuta ulianguka upande gani. Akasema uliangukia mtoni, mstari na tarehe yake, vyote vilikwenda na maji.

"Lakini wewe uliandika," akaniambia. "Unakumbuka urefu wake?"

Nikaweka mkono kifuani pake, juu kidogo.

"Hapo hapo," akasema. "Basi kaandike."